Mtoto wa nyoka ni nyoka? Hadithi za uhalifu na ile hofu ya kugeuka kuwa mzazi wako

Kuna maneno ambayo mtu wa nyumbani anaweza kukurushia mkikosana: "Wewe ni baba yako mtupu." Si matusi. Ukimlalamikia mtu, atakuuliza kosa liko wapi. Lakini kama babako ni yule mtaa mzima unamjua kwa chang'aa, kwa mkono mwepesi, au kwa ile kesi iliyomfikisha Kamiti, wewe unajua vizuri hukusifiwa. Umesomewa hukumu.

Halafu usiku ukiwa peke yako unaanza kujikagua. Hii hasira ni yangu ama ni yake? Ule uongo niliomwambia mwalimu, ukatoka laini bila kigugumizi, niliusomea wapi? Mbona nacheka kama yeye?

Ukihisi hivyo, jua hauko peke yako, na jua pia kuna watu wanaolipwa kuandika kuhusu hofu hiyo. Waandishi wa hadithi za uhalifu wameing'ang'ania kwa miaka mingi, hasa wale wanaowaandikia vijana. Wanaichukua na kuivuta hadi mwisho wa kamba: vipi kama mzazi si mlevi tu? Vipi kama ni tapeli wa kimataifa, msafishaji wa pesa chafu, ama muuaji? Na vipi kama wewe, mtoto, umeanza kuona dalili zake mkononi mwako?

Zifuatazo ni hadithi chache za aina hiyo, za vitabuni na za runinga, na kile zinachosema kuhusu swali hilo. Tahadhari: nimefichua mambo mawili matatu ya Ozark na Dexter. Kama hujamaliza kutazama, utajua wewe.

Ujuzi si kosa

Tuanze na iliyo kali zaidi. Mwaka 2012, mwandishi Mmarekani Barry Lyga alitoa riwaya iitwayo I Hunt Killers, ya kwanza kati ya tatu. Mhusika mkuu ni Jasper Dent, wenyewe wanamwita Jazz, kijana wa miaka 17 katika mji mdogo wa Lobo's Nod. Babake, Billy Dent, ameua watu zaidi ya mia moja na sasa yuko jela.

Shida ni kwamba Billy hakumficha mwanawe kazi yake. Alimlea kama mrithi. Jinsi baba wengine wanavyomfunza mtoto kubadilisha gurudumu la gari, ndivyo huyu alivyomfunza wake kusoma nyuso za watu, kuwafanya wamwamini, na kusafisha mahali pa tukio hadi polisi wasipate hata unywele. Kwa hivyo maiti mpya zinapoanza kuonekana mjini, Jazz anatambua mtindo wa muuaji kabla ya maafisa wenyewe. Anataka kusaidia, na ana sababu mbili. Anataka muuaji akamatwe. Pia anataka mji mzima, pamoja na yeye mwenyewe, uthibitishe kwamba si yeye anayefuata.

Kinachotisha katika kitabu hiki si damu. Ni jinsi Jazz alivyo mzuri wa maneno. Anajua tabasamu gani litamlegeza karani, sauti gani itamfanya mtu mzima amwonee huruma. Kila mara mbinu hiyo inapofaulu, anahisi babake amesimama nyuma ya bega lake akipiga makofi. Inabidi ajikumbushe kila siku kwamba watu ni watu, si vifaa.

Sasa tazama anachofanya Lyga. Ujuzi anaoutumia Jazz kumwinda muuaji ni ule ule babake alioutumia kuua. Haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kazi uliyopewa. Wahenga wetu walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, yaani asipofua chuma atapuliza moto. Ni kweli, karakana ya nyumbani huacha alama. Lakini methali hiyo haikusema anasana nini, panga ama jembe.

Lete jambo hilo nyumbani. Tuseme mzazi wako ni mtu wa maneno matamu, wale wa kuuza ploti hewa, anaonyesha watu shamba ambalo halijui hata mwenyewe. Huenda nawe una ulimi mwepesi. Ulimi huo unaweza kuuza ploti hiyo hiyo mara ya pili. Unaweza pia kumtetea mtu mahakamani, kuuza bidhaa halali, au kutuliza ugomvi wa mbogi yako kabla haujafika mahali pabaya. Ukiogopa kipaji chako kwa sababu ya aliyekufunza, utakuwa umemwachia babako hata kile kilicho chako.

Biashara ya familia

Si kila hadithi ya aina hii ina maiti. Katika Heist Society ya Ally Carter, iliyotoka mwaka 2010, Katarina Bishop amezaliwa katika ukoo wa wezi wa vitu vya sanaa. Alipokuwa na miaka mitatu, wazazi walimpeleka Louvre, makumbusho maarufu ya Paris. Haikuwa safari ya kuona picha. Walikuwa wanapiga hesabu ya kuiba. Akiwa na miaka 15 anaamua basi, ametosheka, anataka maisha ya kawaida. Na anayapata vipi? Kwa utapeli. Anajiingiza kwa ulaghai katika shule ya bweni ya hadhi kubwa.

Ni kichekesho, lakini kinauma. Msichana anatoroka uhalifu kwa njia pekee anayoijua. Muda si mrefu anafukuzwa shuleni kwa kosa ambalo hakulitenda, na babake anashukiwa kumwibia tajiri hatari michoro mitano. Kat ana wiki mbili za kumwokoa. Inabidi arudi kwa ile familia aliyoikana na kutumia ule ujuzi aliouacha mlangoni.

Mwaka huo huo Holly Black alitoa White Cat, riwaya inayochanganya uchawi na magenge ya mafia. Cassel Sharpe anatoka katika nyumba ya matapeli na wachawi wa kugusa kwa mkono. Mama yuko jela. Kaka zake wanafanya kazi ya genge. Yeye ndiye pekee anayeonekana hana uwezo wowote, kwa hivyo anajaribu kuwa mwanafunzi wa kawaida. Lakini hapo shuleni pia ndiye anayeendesha kamari za wenzake, na moyoni amebeba siri kwamba aliwahi kumuua rafiki yake.

Carter anaandika kwa utani na Black kwa giza, lakini wote wawili wanaonyesha kitu ambacho watoto wa familia ngumu wanakijua: mzazi mhalifu huenda anakupenda kweli. Kat anampenda babake. Cassel anaitaka nafasi yake mezani. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa majitu. Ugumu ni kwamba ndio waliokufunika blanketi ukiwa mgonjwa. Hofu ya kufanana nao inakuja pamoja na hofu nyingine ambayo watu hawaisemi: ukikataa kufanana nao, utabaki na nani?

Kumkimbia si kumshinda

Wengine huapa: nitakuwa kinyume chake kabisa. Inasikika poa. Tamthilia ya Ozark, iliyoonyeshwa Netflix kuanzia 2017 hadi 2022, inaonyesha mahali mtego ulipo.

Marty Byrde ni mhasibu wa Chicago anayewasafishia walanguzi wa dawa za kulevya pesa zao. Mambo yakiharibika anahamisha familia hadi Ozarks, jimbo la Missouri. Mwanawe Jonah ni mtoto mpole mwenye akili ya hesabu. Anasikiliza, anatazama, anajifunza. Kufikia msimu wa mwisho amemchukia mamake, Wendy, kwa yale aliyoyatenda, na anaamua kuwaasi wazazi wake. Anaasi vipi? Anahamia upande wa hasimu wao na kumsafishia pesa chafu huyo.

Fikiria hapo kidogo. Anamkomoa mama kwa hesabu za baba. Amewakimbia hadi akatokea mlango wao wa nyuma. Kijana anayepanga maisha yake yote kwa kumtazama mzazi, hata kama ni ili afanye kinyume, bado mzazi ndiye anayeshika usukani. Mtaani tunawaona: yule aliyeapa hatakuwa bahili kama mzee wake, leo amekopa kila app kwa simu yake ili kununulia mbogi pombe. Yule aliyekulia kwa kelele akaapa hatapiga kelele, sasa akikosana na msichana wake ananyamaza wiki mbili. Kelele haziko, sawa, lakini adhabu iko.

Katika Ozark hiyo hiyo kuna Ruth Langmore, msichana wa familia maskini ambayo wanaume wake huingia na kutoka jela. Kwao wanazungumza juu ya laana ya ukoo. Ruth anapambana sana binamu yake Wyatt asome hadi chuo kikuu, mmoja wao atoke. Laana hiyo ukiitazama kwa karibu haina uchawi. Ni trela wanamoishi, ni jina ambalo polisi wanalijua tayari, ni baba anayerudi kutoka gerezani akitaka binti aibe. Ukiita vitu hivyo laana, unaacha kuviona kimoja kimoja.

Anayekusomea hukumu mapema

Dexter unaifahamu, ama umewahi kuona klipu zake TikTok. Mfululizo wa kwanza ulionyeshwa 2006 hadi 2013: mtaalamu wa damu katika polisi ya Miami ambaye usiku anaua wauaji wengine. Mwaka 2021 alirudi katika Dexter: New Blood, na safari hii mwanawe Harrison, ambaye sasa ni kijana, anamfuata hadi mji baridi wa Iron Lake.

Harrison ana hasira asiyoielewa. Kwenye mieleka ya shule anavunja mkono wa mpinzani. Anajiuliza ana nini. Mtu anayemwendea na swali hilo ni babake, na babake anajibu jibu baya kuliko yote: mimi pia niko hivyo, njoo nikufunze. Dexter anafurahi. Anaona amepata mwenzake. Hajiulizi kama mtoto aliyepatikana akiwa mchanga kwenye damu ya mamake, kisha akaachwa na babake, huenda ana hasira kwa sababu za kawaida kabisa. Mwishoni, Harrison ndiye anayemwelekezea babake bunduki na kufyatua.

Na sasa rudi nyuma kizazi kimoja. Dexter mwenyewe alilelewa na Harry, afisa wa polisi aliyemchukua baada ya mama wa mtoto huyo kuuawa mbele ya macho yake. Harry aliona dalili za ukatili, akaamua mtoto huyu hawezi kubadilika, akamfunza kuua kwa kanuni. Harry hakuwa babake wa damu. Kwa hivyo alichorithi Dexter hakikupita kwenye mishipa. Kilipita kwenye maneno ya mtu mzima aliyemtazama mtoto aliyeumia akasema: huyu ndivyo alivyo.

Hapo ndipo hadithi hizi zinapotuhusu kuliko tunavyofikiri. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" tunaitamka kama vile ni taarifa ya habari. Lakini mara nyingi ni maagizo. Ukimwambia mtoto wa miaka kumi kila siku kwamba ataishia pale babake alipoishia, unamchorea ramani.

Karo iliyolipwa na nani?

Kuna aina nyingine ya hofu, na hii inatoka karibu na kwetu. Natalie C. Anderson, Mmarekani aliyefanya kazi na wakimbizi barani Afrika, alichapisha City of Saints and Thieves mwaka 2017. Hadithi inatokea Sangui City, mji wa kubuni hapa Kenya. Tina na mamake wamekimbia vita Congo. Mama anapata kazi ya nyumbani kwa Roland Greyhill, mfanyabiashara anayeheshimiwa ambaye utajiri wake umejengwa juu ya ufisadi na uhalifu. Siku moja mama anapatikana amepigwa risasi ndani ya ofisi ya tajiri huyo, pale pale nyumbani. Tina anakimbilia mitaani, anakuwa mwizi stadi wa genge la Goondas, akingoja siku ya kulipiza kisasi.

Tina ndiye shujaa, lakini usimsahau Michael, mtoto wa Greyhill, rafiki yake wa utotoni. Michael hajaiba kitu. Amelala kitanda kizuri, amesoma shule nzuri, anamwamini babake. Polepole inambidi aulize hela hizo zilitoka wapi. Swali lake si "je, nitakuwa muuaji?" Ni gumu zaidi: "Je, tayari mimi ni sehemu ya jambo hili, na nimekuwa nikilila mezani kila asubuhi?"

Kenya ina kina Michael wengi, na hakuna haja ya kutaja jina. Wako wanaofuata kesi ya mzazi kwenye habari za saa moja huku simu wanayoshika ilinunuliwa na pesa zinazozungumziwa. Riwaya haimhukumu Michael kwa sahani aliyokulia. Inamtazama kuanzia dakika anayojua, kwamba akishajua, atafanya nini.

Methali inapokosea njia

Kabla hujaamini kwamba maji hufuata mkondo kila mara, mkumbuke John Kiriamiti. My Life in Crime, kitabu chake cha mwaka 1984 alichokiandika gerezani, bado kinapita mkono kwa mkono kati ya wasomaji wa Kenya. Kimetokana na maisha yake mwenyewe ya wizi wa benki na kutoroka makarao. Na wazazi wake? Walimu, wote wawili. Mkondo wa chaki na madaftari ulitokeza jambazi. Kisha jambazi huyo akatokeza mwandishi. Kama damu ingekuwa inaamua, hadithi hiyo isingekuwepo.

Watafiti nao hawakubaliani na methali moja kwa moja, ingawa hawaikatai yote. Mwaka 1961 watafiti nchini Uingereza walianza kuwafuatilia wavulana 411 wa kusini mwa London, na wakaendelea kwa miongo kadhaa. Waligundua kwamba uhalifu huenda kwa familia: chini ya asilimia 6 ya familia zilibeba nusu ya hatia zote zilizorekodiwa. Kuwa na mzazi aliyewahi kuhukumiwa kuliongeza hatari. Lakini umaskini, kufeli shule na kukosa mtu wa kukuchunga pia viliongeza, na si kila mtoto wa mhalifu alifuata njia hiyo.

Kisha kuna hili. Uchanganuzi wa data hiyo hiyo uliochapishwa mwaka 2013 ulipata kwamba watoto wa waliohukumiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupatikana na hatia hata walipolinganishwa na wenzao waliokiri kutenda makosa kama yao. Yaani sehemu ya kile tunachoita kurithi ni macho ya wengine tu. Ukitoka nyumba fulani, tochi ya polisi inakumulika wewe kwanza.

Katiba yetu ya 2010 inalijua hilo. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na miongoni mwake kuna kuzaliwa na asili ya kijamii. Mwalimu hana ruhusa ya kukuweka pembeni kwa sababu ya kesi ya babako. Mwajiri vilevile.

Cha kubeba

Hadithi hizi zinadanganya katika jambo moja: wahalifu wao ni werevu mno. Kwa kawaida mzazi unayemwogopa si gwiji. Ni mtu aliyechoka, mwenye deni, aliyepigwa utotoni naye akapiga. Ukimwona kwa kimo chake halisi, hofu inapungua kidogo.

Lakini kuogopa peke yake hakukulindi. Jazz anaogopa kila ukurasa, na bado hofu hiyo nusura immeze. Kinachomzuia ni watu: rafiki yake Howie, msichana wake Connie, na yule sherifu aliyemkamata babake na sasa anamtazama yeye kama yeye. Watatu hao wanajua anatoka wapi na bado wanamfungulia mlango. Harrison alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia, naye alikuwa ndiye tatizo.

Kwa hivyo tafuta wako, mtu ambaye si mzazi huyo. Shangazi, kocha, mwalimu wa ushauri, jirani asiyebeba stori. Mwambie lile ambalo hujawahi kulitamka: naogopa nitakuwa kama yeye. Mkikaa, taja kitu kimoja kimoja badala ya kusema "damu yetu." Ni hasira? Ni pombe? Ni uongo wa pesa? Kitu chenye jina kina dawa. Na kama bado hujafika miaka 18 na nyumbani hakukaliki, piga 116, ile laini ya bure ya watoto hapa Kenya. Inashikwa usiku na mchana.

Ukimaliza, tafuta kimoja kati ya vitabu hivi. Anza na City of Saints and Thieves, kwa sababu mitaa yake utaitambua. Usikisome kutafuta kama wewe ni Tina ama Michael. Angalia tu jinsi kila mmoja wao anavyofikia mahali ambapo jina la mzazi haliwezi tena kumjibia swali, na inabidi ajibu mwenyewe.